Mti Mzuri Haulengi Shabaha: Bunduki ya Mkwe na Bangili za Binti

 

Wiki hii tumeletewa suala ambalo safu hii haijapata kuulizwa. Mama mmoja wa hapa Garsen, ambaye jina lake tumelihifadhi, alitujia baada ya sala ya Alasiri akiwa na simu mkononi na moyo mzito. Binti yake ameolewa Tanga, nchini Tanzania. Mumewe, ambaye ni raia wa huko, anakusudia kuomba kibali cha kuwinda, na ameonyeshwa bunduki mbili zinazouzwa kwa njia ya sheria. Ya kwanza ni kuukuu, kitako chake cha mti kimechubuka, na bei yake anaimudu. Ya pili, mti wake wa jozi umeng'arishwa hata mtu anaweza kujitazama uso, nao umenakshiwa maua na kichwa cha nyati. Bei yake yakaribia kuwa maradufu ya ile ya kwanza. Kijana ameipenda hiyo ya pili, naye amemwomba mkewe auze bangili zake za mahari ili wapate kuongeza. Binti hakukataa wala hakukubali. Alimpigia simu mamake usiku.

Mama ametuuliza mambo matatu. Bunduki ipi hupiga sawa? Nyama itakayoletwa nyumbani itakuwa halali kwa wajukuu wake? Na binti yake afanyeje na bangili zake?

Kabla ya kujibu, yatupasa tuseme kwamba hapa kwetu neno bunduki si jepesi. Wengi wetu hatujasahau kuanzia Agosti hadi Desemba 2012, damu ilipomwagika Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao, na wake kwa watoto wakawa miongoni mwa waliouawa. Mama aliyetujia ni katika waliobeba watoto mgongoni siku zile na kukimbia. Asionekane mwoga basi anapotetemeka kusikia kwamba chombo hiki kitalala chini ya paa moja na wajukuu wake. Tumemsikiliza, tukaahidi kwamba hatutamjibu kwa kubahatisha. Tukamwendea mzee mmoja aliyelinda vijiji vya delta kwa bunduki ya serikali kwa miaka mingi, kisha tukamrejea sheikh wetu.

Tuanze na sheria, ili pasiwe na kijana wa Garsen atakayesoma makala haya akadhani tunamhimiza. Katika Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwezi wa Mei 1977, na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 imeendelea kuukataza, uwe wa starehe au wa kitoweo. Tanzania ilipita njia nyingine: ilisimamisha uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena 1978. Hivi leo raia wa huko huweza kuomba kibali kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, akapewa idadi na aina ya wanyama, mahali na msimu, baada ya kuwa na leseni ya silaha kutoka polisi. Kwa hiyo mkwe wetu hakukosea kuulizia. Lakini mama asitarajie kuletewa nyirinyiri za pofu kwa basi. Nyama ya mwitu iliyo halali Tanga kwa kibali chake, ikivuka mpaka wa Lunga Lunga bila idhini, huwa kesi mahakamani.

Sasa tuje kwenye bunduki zenyewe. Zote mbili ni za aina moja: kasiba moja ya chuma, mti kuanzia begani hadi chini ya kasiba, na komeo ambalo mpigaji hulivuta kwa mkono kila baada ya risasi. Wazee wetu waijua vyema aina hii. Ndiyo ile waliyoiita mark four, Lee-Enfield ya Waingereza, iliyobebwa na askari wa King's African Rifles katika vita vya pili vya dunia, kisha ikaingia mikononi mwa polisi na askari wa akiba. Yule mzee aliibeba. Tulipomwuliza kipi huifanya bunduki ipige sawa, alicheka kidogo, akasema kwamba watu hununua bunduki kwa macho, ilhali ni karatasi peke yake ndiyo ijuayo ukweli.

Maana ya maneno yake ni hii. Usahihi wa bunduki ni kule kurudia kwake. Ukiilaza juu ya mfuko wa mchanga, ukalenga nukta moja kwenye karatasi iliyo mita 100, ukapiga risasi tatu kwa utulivu, je, matundu yatakaa pamoja au yatatawanyika? Yakikaa pamoja ndani ya sentimita 5 hivi, upana wa limau kubwa, bunduki hiyo yatosha kabisa kwa swala na kongoni, hata kama matundu hayo yote yako pembeni mwa nukta, kwani shabaha hurekebishwa. Yakitawanyika, hakuna nakshi itakayoyakusanya. Na mwindaji hana haja ya risasi ya tano au ya sita. Risasi inayomhusu ni ile ya kwanza, kasiba ikiwa baridi, kwa kuwa mnyama hasubiri ya pili. Kwa hiyo bunduki na ijaribiwe siku mbili tofauti, na mojawapo iwe asubuhi yenye umande au baada ya mvua.

Kwa nini baada ya mvua? Hapa ndipo tulipojifunza jambo ambalo kila mama wa pwani alijua tangu utotoni, ila hakulifikiria kwa bunduki. Milango yetu ya mbao hukataa kufunga wakati wa masika na hulegea wakati wa kaskazi. Mti hunywa maji ya hewani, ukavimba na kujipinda. Kitako cha bunduki nacho ni mti. Kikivimba upande mmoja, huisukuma kasiba kama mtu anavyomsukuma mwenzake bega, na risasi iliyopiga katikati mwezi wa Januari hupiga kando mwezi wa Mei. Mpigaji hujilaumu, hulaumu risasi, hulaumu hasidi, kumbe ni mti.

Dawa ya hilo si ngumu. Kwanza, mti uwe umekaushwa kwa miaka, na nyuzi zake ziende sawa na urefu wa bunduki, hasa pale shingoni nyuma ya kifyatulio, panapopokea mshindo wote. Mti wenye mawimbi na mizunguko huvutia macho, lakini mizunguko hiyo ikipita shingoni, hapo ndipo utakapopasuka. Pili, chukua kipande cha karatasi, ukipitishe baina ya kasiba na mti kuanzia mbele kurudi nyuma. Kikipita bila kukwama hadi karibu na chumba cha risasi, kasiba iko huru. Ziko bunduki zilizoundwa makusudi zikiwa na mguso mmoja mbele, nazo hupiga vyema, lakini kwa hewa ya pwani kasiba iliyo huru ina udhia mdogo. Tatu, skrubu za chini zikazwe sawasawa, na chuma kikae ndani ya mti bila kucheza. Mafundi hujaza pengo hapo kwa gundi ngumu ili chuma kisitikisike. Nne, mti upakwe mafuta, na si nje pekee. Wengi hung'arisha panapoonekana, wakaacha ndani, ambako maji huingia bila kuonekana.

Kisha kasiba. Ndani yake mna mifuo iliyochongwa kwa mzunguko, nayo ndiyo huizungusha risasi iende moja kwa moja. Komeo litolewe, mtu atazame ndani kuelekea mwangani. Akiona mifuo iko wazi na inang'aa, heri. Akiona vidoto vyeusi vya kutu, aulize. Yule mzee alitueleza kwamba risasi nyingi za zamani za mark four zilikuwa na fataki yenye chumvi, na asiyesafisha kasiba siku ileile alikuta imeliwa. Yeye alikuwa akiomba maji ya moto jikoni kwa mkewe, akayamimina ndani ya kasiba, akaikausha, ndipo akapaka mafuta. Mkewe, aliyekuwa akitusikiliza, alitukumbusha kwamba birika lile halikurudi kutumika kwa chai. Na mwisho wa kasiba, pale risasi inapotokea, pawe duara kamili lisilo na jeraha, kwani mkwaruzo mdogo hapo huipotosha risasi.

Komeo nalo lifunge kwa ulaini bila kulazimishwa. Bunduki nyingi za kuwinda hufuata muundo wa Mjerumani Paul Mauser wa mwaka 1898, ambao meno ya kufungia yako mbele ya komeo, karibu na risasi, na kucha yake hulishika ganda tangu linapoingia hadi linapotolewa. Lee-Enfield hufunga nyuma, na kitako chake ni vipande viwili. Ni ya haraka mkononi, lakini ni bunduki ya vita, na mkwe wetu atafuta ya kuwindia.

Kuhusu ukubwa wa risasi, vijana hudhani kubwa ndiyo bora. Kwa nyati, wawindaji hawashuki chini ya .375, risasi iliyotoka Uingereza mwaka 1912, na hapo hatuna mjadala. Lakini kwa swala na kongoni, bunduki ya kiasi, mathalani 7x57 au .30-06, yatosha na haimwumizi mpigaji bega. Mpigaji anayeogopa mshindo hufumba macho kabla ya kufyatua. Mskoti Walter Bell, aliyewinda Karamoja huko Uganda mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua ndovu zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa risasi ndogo hiyohiyo ya 7x57, kwa kuwa alisoma mwili wa mnyama na kujua mahali pa kupiga. Hatumsifu kwa idadi ile, ambayo leo yatuhuzunisha. Twamtaja kuonyesha kwamba mahali ilipogonga risasi ni jambo kubwa kuliko unene wake. Jirani zetu Wawaata walilijua hilo kabla yake: kwa upinde na mshale walimnyemelea mnyama hadi hatua chache, hawakupiga kutoka mbali kwa kujionyesha. Na mkwe wetu aulize pia ni risasi zipi hupatikana Tanga mwaka mzima. Bunduki isiyo na risasi ni fimbo ya bei ghali.

Mwisho wa upande huu ni kimo. Bunduki ni kama kanzu, haifai kununuliwa kwa kipimo cha mwingine. Kijana aipandishe begani akiwa amefumba macho, kisha ayafumbue. Ikiwa jicho laona moja kwa moja juu ya kasiba bila kuinua wala kuinamisha shingo, ni yake. Ikimlazimu kujinyonga, si yake, ingawa ina nyati wa nakshi.

Tuje kwenye suala la pili, nalo ndilo lililomkosesha mama usingizi. Uwindaji wa kitoweo ni halali kwa nassi ya Qur'ani, katika Surat al-Maida, isipokuwa kwa aliye katika ihramu. Ama mnyama aliyeuawa kwa risasi kabla ya kuchinjwa, wanavyuoni wamehitilafiana. Neno bunduki lenyewe latokana na Kiarabu, bunduq, yaani lozi ndogo ya duara, kisha likawa jina la vidonge vya udongo vilivyorushwa kwa upinde. Mafakihi wa kale walikataza kilichouawa kwa vidonge hivyo, kwa kuwa huua kwa uzito na kuponda, hali Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfundisha Adiy bin Hatim kwamba kilicho halali ni kile kilichopenywa na ncha. Zilipokuja bunduki za baruti, wanavyuoni wengi wa madhehebu yetu ya Shafi walishikilia katazo hilo. Wengine, na wengi wa zama hizi, wameona risasi hupenya na kumwaga damu, wakaihalalisha kwa sharti la kumtaja Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua.

Sheikh wetu amependekeza njia ya kutoka katika khilafu: mwindaji apige bismillahi anapofyatua, amwahi mnyama angali na uhai, na amchinje. Akimkuta amekwisha kufa, afuate fatwa ya mwanachuoni anayemtegemea, asijifatilie mwenyewe kwa njaa. Na akimkuta ndani ya maji, amwache, kwani haijulikani kama kilichomwua ni risasi au maji. Hilo pia limo katika mafunzo aliyopewa Adiy.

Hapa, akina mama, ndipo suala la kwanza na la pili yanapokutana. Bunduki inayotawanya risasi humjeruhi mnyama tumboni au mguuni, naye hukimbia maili mbili na kufia kichakani au mtoni. Nyama imepotea, mnyama ameteswa, na dhambi imebaki. Dini yetu imeamrisha wema hata katika kuchinja, kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Bunduki iliyo sawa ni kisu kilichonolewa. Kwa hiyo anayenunua kwa kutazama nakshi bila kuijaribu kwenye karatasi anafanana na anayenunua kisu kwa uzuri wa mpini, wala hakugusa makali.

Kuhusu usalama wa nyumbani, komeo lina baraka moja: hutoka. Bunduki ifungiwe kwenye sanduku la chuma, komeo lifungiwe pengine, na risasi pahala pa tatu. Ufunguo usikae juu ya kabati ambako kila mtoto ajua. Isielekezwe kwa mtu hata ikiwa tupu, hata kwa mzaha, kwani Mtume amemwonya vikali mwenye kumwelekezea ndugu yake chuma. Na mke afundishwe kuhakikisha kwamba chumba cha risasi ni kitupu, hata asipokusudia kuishika. Haifai akae na chombo asichokijua ndani ya nyumba yake.

Limebaki la bangili. Mahari ni mali ya mke, kwa agizo lililo wazi katika Surat an-Nisaa. Mume huweza kula katika hayo iwapo mke ametoa kwa kuridhika nafsi yake, na aliyeombwa akanyamaza kisha akampigia mamake usiku bado hajaridhika. Twasema hivi bila kumtukana mkwe wetu. Kijana anayetaka kulisha nyumba yake kwa halali ni wa kushukuriwa, na kupenda kitu kizuri si kosa. Lakini ile tofauti ya bei ni ya nakshi, na nakshi haimlishi mtoto.

Basi ushauri wetu, mama, ni huu. Mwambie binti yako asimjibu mumewe kwa la wala kwa ndiyo. Amwambie: mume wangu, nenda na fundi anayeaminika, omba zote mbili zijaribiwe kwenye karatasi mahali panaporuhusiwa, siku mbili, na urudi na karatasi hizo unionyeshe. Ikiwa ile kuukuu ndiyo iliyokusanya matundu, na inunuliwe, bangili zibaki mkononi. Ikiwa kasiba yake imeliwa na kutu, asiinunue kwa kuwa ni rahisi, bali asubiri nyingine. Na ikiwa ile ya nakshi ndiyo pekee iliyo sawa, hapo binti ataamua kwa moyo wake, akijua analipia nini, na akitoa iwe ni mkopo ulioandikwa na kushuhudiwa, au hiba kwa radhi yake.

Tulipomsomea mama jibu hili, alinyamaza kitambo. Kisha akauliza kama mzee wa mark four anayo simu, ili azungumze na mkwewe mwenyewe. Tumewaunganisha. Karatasi zikifika, inshaallah, tutawapa habari.